Diwani Sebuleni: Historia Fupi ya Kuikaribisha Dunia kwa Kompyuta ya Nyumbani

Katika pembe ya sebule yetu hapa Mombasa, chini ya rafu ya vitabu, ipo kompyuta ya kupakata iliyovunjika kioo. Haichezewi wala haisogezwi. Juu ya kifuniko chake nimebandika karatasi yenye maneno mawili ya wino mwekundu: USIZIME TAFADHALI. Karatasi hiyo ni ya tatu. Ya kwanza ilibanduliwa na mtoto wa jirani, na ya pili iliharibiwa na unyevu wa masika. Ndani ya kompyuta hiyo mna mashairi 217 ya marehemu mjomba wangu, na mtu yeyote mwenye simu, awe Lamu, Muscat au Toronto, huweza kuyasoma papo hapo yalipo, yaani sebuleni mwetu, hatua tatu kutoka jikoni.

Najua walimu wa Kiswahili hapa Kenya watanitaka niseme tarakilishi. Nalijua neno hilo na sina ugomvi nalo. Ila nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitamka bila kutabasamu, kwa hiyo nitasema kompyuta.

Wasomaji wamezoea kunikuta hapa nikizungumza juu ya vina, mizani na maneno yaliyosahaulika. Leo nawaomba wanivumilie nizungumze juu ya nyaya na anwani, kwa sababu swali la shairi linakaa wapi, na ufunguo wa nyumba hiyo anao nani, ni la zamani kuliko kompyuta. Tumtazame Muyaka bin Haji. Mashairi yake yalitungwa katika mji huu huu katika zama za Mazrui, yakabaki katika vifua vya watu kwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu ni Mwalimu Sikujua Abdallah, akimsaidia mmisionari William Taylor. Karatasi zikasafiri. William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, mji wa uchapishaji ukiwa Johannesburg, na hati zenyewe zikatulia London, katika maktaba ya SOAS. Siwalaumu, bila wao huenda tungebaki na beti chache za kukumbukia harusini. Lakini Mmombasa aliyetaka kuuona mwandiko wa Mwalimu Sikujua kwa macho yake alilazimika kupanda ndege.

Mjomba wangu hakuwa Muyaka, naye angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Alikuwa karani wa bandari aliyetunga jioni, katika madaftari ya shule yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Alipofariki mwaka 2006 madaftari yalikuja kwangu. Niliyapiga chapa shairi baada ya shairi, nikayaweka katika tovuti ya bure ya kampuni moja ya ng'ambo. Yakasomwa. Miongoni mwake lilikuwapo fumbo moja ambalo mjomba hakuacha ufumbuzi wake, na watu wakaanza kulijibu kwa beti, wakiandika moja kwa moja chini yake: mmoja kutoka Siu, mwingine kutoka Tanga, bibi mmoja ambaye hakutaja alipo lakini lahaja yake ilikuwa Kipemba kitupu. Nilihesabu majibu 12, mengine ya ustadi kumshinda mwenye fumbo. Mwaka 2012 kampuni ile ilifunga huduma yake. Tangazo lilitumwa kwenye anwani ya barua pepe niliyokuwa nimeacha kuifungua. Mashairi ya mjomba nilikuwa nayo katika madaftari. Majibu 12 sikuwa na nakala yake hata moja, na hata leo sina.

Hapo ndipo nilipoapa kuwa kitakachofuata kitakaa nyumbani.

Nilinunua kompyuta hii katika duka la mitumba, nikaweka mfumo wa Linux na programu ya Apache, ambayo kazi yake ni kumpa kila anayebisha ukurasa anaoutaka. Binti wa kaka yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alifungua simu yake akiwa chumba cha pili, akaandika nambari niliyompa, na diwani ikatokea. Tulishangilia kama tuliozindua meli. Kisha nikampigia mtoto wa khalati yangu aliyeko Muscat, mpenzi mkubwa wa mashairi yale, nikampa nambari ile ile. Akajaribu, akajaribu tena. Mwisho akaniambia, “Naona ukuta, sioni mlango.”

Ilinichukua miezi kuuelewa ukuta ule, na katika kuuelewa ndipo nilipoisoma historia ninayotaka kuisimulia.

Kuikaribisha dunia kwa kompyuta ya nyumbani kulianza kabla ya wavuti kuwapo. Januari 1978 mji wa Chicago ulifunikwa na theluji hata watu wakashindwa kutoka. Wanachama wawili wa klabu ya wapenda kompyuta, Ward Christensen na Randy Suess, wakaitumia tufani ile kuunda ubao wa matangazo wa klabu yao ndani ya kompyuta: mtu apige simu kwa modemu, asome yaliyobandikwa, abandike lake, akate. Ubao ulifunguliwa rasmi tarehe 16 Februari 1978, na mashine ilikaa nyumbani kwa Suess. Laini ilikuwa moja. Aliyepiga wakati mwenzake yumo alikuta simu inatumika, akangoja. Mtu wa kwetu ataitambua hali hiyo: ni baraza la mawe mbele ya nyumba ya Mji wa Kale, ila lenye nafasi ya makalio mamoja tu. Mgeni hakuingia ndani, wala hakuhitaji ruhusa ya serikali au ya kampuni ili aketi. Mwenye nyumba alikuwapo.

Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alibuni FidoNet, mtandao wa mabaraza ya namna hiyo yaliyopigiana simu usiku, gharama zikiwa chini, na kupokezana barua. Ulifika hata kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Environment Liaison Centre International pale Nairobi walikuwa wakipitisha barua za mashirika ya Afrika kwa njia hiyo. Kompyuta moja na laini moja ya simu vilitosha kuwa posta.

Wavuti yenyewe ilizaliwa katika taasisi kubwa, CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, lakini ilizaliwa juu ya meza ya mtu. Tim Berners-Lee alikuwa na kompyuta aina ya NeXT ofisini mwake, na mwishoni mwa mwaka 1990 ikawa seva ya kwanza ya wavuti duniani. Hofu yake ilikuwa ni watu wema wa usiku wanaozima vitu vilivyoachwa vikiwaka. Akabandika karatasi, kwa mkono na kwa wino mwekundu, ikisema kwamba mashine hii ni seva na isizimwe. Karatasi ile ipo mpaka leo juu ya mashine ile. Nilipoiona pichani nilikuwa tayari nimebandika ya kwangu, na sikuficha furaha yangu.

Jambo kubwa zaidi, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba programu yake ya kwanza ya kusomea kurasa ilikuwa pia ya kuandikia. Mtu hakutarajiwa kuwa msomaji siku zote. Alitarajiwa asome, aandike, na kuandika kwake kukae katika mashine yake au ya jirani yake, ikiunganishwa na nyingine kwa viungo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa teknolojia hiyo ni ya watu wote bila malipo. Wakati huo, kanuni za intaneti zilizotumika tangu Januari 1983 hazikutofautisha mashine ya mkubwa na ya mdogo: kila moja ilikuwa na anwani yake, na yenye anwani ilifikiwa.

Niruhusuni nitue kidogo katika maneno, maana hii ni nyumba ya lugha. Neno seva tulilolitwaa kwa Waingereza lina maana ya mtumishi, yule anayepakua na kuandaa. Sisi kwa kazi hiyo hiyo tuna neno mwenyeji, na mwenyeji ana zaidi ya kuandaa: ana mji, ana nyumba, na ana haki ya kusema karibu. Nimeona wafasiri wakililinganisha lango la kompyuta na bandari, kwa kuwa neno la Kiingereza ni lile la gatini. Mimi nasema mlango. Kompyuta moja ina milango zaidi ya 65,000 yenye nambari, na wavuti ilipewa nambari 80. Siku hizi, kwa kurasa zilizofungwa kwa siri, ni 443. Mgeni anayetaka ukurasa hubisha hapo.

Vifaa vya kumfanya mtu awe mwenyeji vilipatikana upesi. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, nyumbani, kwa kompyuta aliyoinunua mwenyewe. Rob McCool aliandika programu ya seva katika Chuo Kikuu cha Illinois, na alipoondoka mwaka 1994, waliokuwa wakiitumia walibaki wakiitia viraka kila mtu kivyake. Mwaka 1995 wanane kati yao wakakusanya viraka vyao, kazi ikaitwa Apache, na haikuchukua muda mrefu ikawa seva iliyotumika kuliko zote duniani. Sasa mtu aliyekuwa na kompyuta kuukuu na laini ya simu alikuwa na zana zile zile za shirika kubwa, na hakulipia hata senti. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Marekani na Ulaya, chini ya meza na vitandani mwa mabweni, mashine za namna hiyo zilikuwa zikinguruma usiku kucha. Hata Facemash, jaribio la mwaka 2003 la Mark Zuckerberg lililomtia matatani chuoni Harvard, lilikaa katika kompyuta yake ya kupakata bwenini. Kampuni aliyoianzisha baada ya hapo leo ni miongoni mwa wenye nyumba wakubwa kabisa wa maneno ya watu wengine.

Basi ukuta ulitoka wapi? Hapakuwa na sheria iliyopigwa kuwakataza watu wa nyumbani. Ukuta ulijengwa kwa mawe madogo madogo, kila jiwe likiwa na sababu yake ya maana.

Jiwe la kwanza ni uhaba wa anwani. Anwani za intaneti ya mwaka 1983 zilipimwa kwa biti 32, na hesabu yake ni 4,294,967,296 basi. Zilionekana nyingi kupita kiasi, na taasisi za mwanzo zikagawiwa kwa mikono miwili. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 wataalamu waliona chungu kinaelekea kukauka. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha pendekezo la dawa ya muda, wakaiita tafsiri ya anwani. Nyumba nzima au ofisi nzima itumie anwani moja ya nje. Ndani watu wapeane nambari za kienyeji, ambazo kila nyumba inaweza kuzirudia bila kugongana. Zilitengwa nambari maalumu za kazi hiyo, na miongoni mwake ni zile zinazoanza na 192.168 ambazo msomaji akitazama simu yake iliyo kwenye ruta ya nyumbani huenda akazikuta sasa hivi.

Sisi watu wa lugha tunajua tafsiri, kwa hiyo hebu tuitazame hii ilivyo. Ninapotoka kwenda kusoma ukurasa, ruta huandika daftarini mwake kwamba fulani wa chumba cha pili amekwenda kwa fulani. Jibu likija, husoma daftari na kulifikisha. Lakini mgeni akija mwenyewe kutoka Muscat bila kuitwa, ruta haina maandishi juu yake, haijui anamtaka nani ndani, na humwacha nje. Ni mkalimani anayefasiri maneno ya mwenye nyumba kwenda kwa wageni, na majibu yao kurudi, lakini mgeni akianza mazungumzo yeye, mkalimani huwa kiziwi. Kasoro hiyo hutibika: mwenye ruta huweza kuiandikia amri kwamba abishaye mlango wa 80 apelekwe kwenye kompyuta ya pembeni. Nilifanya hivyo. Muscat bado iliona ukuta, na sababu yake nitaifikia.

Jiwe la pili ni umbo la barabara. Joseph Lechleider wa maabara ya Bellcore, Marekani, ndiye anayetajwa kwa wazo la kuupa waya wa simu wa shaba njia pana ya kushusha na nyembamba ya kupandisha. Kampuni za simu zilikuwa na ndoto ya kuwauzia watu filamu majumbani, na mtazamaji wa filamu ana kipi cha kupandisha? Kwa viwango vya mwaka 1999, laini nzuri ya namna hiyo iliweza kushusha megabiti 8 kwa sekunde na kupandisha takriban 1. Fundi aliamua kwa hesabu njema za waya, na pamoja na hesabu hizo akaamua, bila kukusudia, kuwa mtu wa nyumbani ni mlaji.

La tatu nitalipita upesi. Julai 2001 mdudu wa kompyuta aitwaye Code Red aliingia kwa mlango wa 80 katika seva za Microsoft, na kwa muda usiofika saa 14 akaambukiza zaidi ya mashine 359,000, nyingine zikiwa za majumbani, ambazo wenyewe hawakujua hata kwamba zilikuwa seva. Baadhi ya kampuni za intaneti Marekani ziliufunga mlango wa 80 kwa wateja wote wa nyumbani, na wakati hatari ilipopita kufuli hazikufunguliwa zote.

Wakati huo wapangaji walikuwa wamekwisha kupata nyumba za kupanga. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, iliwapa watu viwanja vya bure katika mitaa yenye majina ya kupendeza, nao wakajenga kurasa kwa mamilioni. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikaibomoa. Kundi la kujitolea liitwalo Archive Team liliokoa kadiri lilivyoweza kabla ya tingatinga kufika. Kampuni iliyoyachukua majibu yangu 12 ilikuwa ndogo mno kuvuta hisia za waokoaji.

Sasa nirudi pwani. Sisi tulifika karamuni mwishoni, sahani zikiwa zimekwisha kupangwa. Mpaka katikati ya mwaka 2009 Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya baharini. Karibu kila kitu kilipanda kwenye setilaiti na kushuka ng'ambo. Ukurasa uliohifadhiwa Nairobi na kusomwa Nairobi ungeweza kuzunguka kupitia bara jingine ukiwa safarini mtaa wa pili. Ili kuondoa upuuzi huo, kampuni za intaneti za Kenya zilianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Hakikumaliza hata mwezi, kikafungwa kwa amri, kwa hoja kwamba kilivunja haki ya pekee ya shirika la simu la taifa. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Kisha Julai 2009 SEACOM ikaanza kazi, ikiigusa Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka huo huo ikaja TEAMS, kebo ya kutoka Fujairah hadi hapa kwetu. Sikuacha kuona kwamba njia hiyo haikuwa mbali na ile ya majahazi ya kaskazi, yaliyowaleta jamaa wa khalati yangu na kuwarudisha.

Lakini tarehe 3 Februari 2011, chini ya miaka miwili baada ya kebo kufika, mafungu ya mwisho ya anwani za kale yaligawiwa kwa sajili tano za dunia, moja ikiwa AFRINIC ya Afrika. Mamilioni ya watu wetu walikuwa ndio kwanza wanaingia, kwa simu za mkononi, na anwani za kuwatosha hazikuwapo. Kampuni zikachukua ile dawa ya mwaka 1994 zikaipika mara ya pili: zikaweka mkalimani wao wenyewe juu ya wakalimani wa nyumba, mtaa mzima ukatoka nje kwa anwani moja. Aprili 2012 zikatengwa nambari za kazi hiyo pia, kuanzia 100.64 mpaka 100.127. Niliitazama ruta yangu, sehemu inayoonyesha anwani yake ya nje. Ilianza na 100.72.

Nilipiga simu kwa kampuni iliyotuunganisha. Kijana wa huduma alikuwa mwenye adabu kubwa. Aliniuliza kama intaneti haifanyi kazi. Nikamwambia inafanya. Filamu zinacheza? Zinacheza. “Basi mzee, tatizo ni nini hasa?” Nikamweleza kwamba nataka watu waje kwangu. Akanyamaza kidogo, akasema huduma hiyo ni ya biashara, akanitajia bei ya mwezi, ambayo ilikaribia kodi ya nyumba. Sikumkasirikia. Katika mafunzo yake yote hakuna aliyemwambia kwamba mtu wa nyumbani aweza kuwa mwenyeji.

Tiba ya kweli ya uhaba ipo tangu Desemba 1995, zilipochapishwa kanuni za anwani mpya za biti 128, ambazo zingetosha kila chombo cha kila nyumba kuwa na yake. Robo karne na zaidi imepita na bado kampuni nyingi hazijazifikisha majumbani. Mimi naona ni kwa sababu dawa ya muda ilifaa mno. Aliyekaa ndani akisoma hakuhisi maumivu.

Nilichofanya mwisho ni hila, nami naikiri. Nimekodi kijikompyuta katika jumba la seva Nairobi, kidogo kabisa, kwa bei ya vikombe vichache vya kahawa kwa mwezi. Hakina shairi hata moja. Kina kitu kimoja nisichokuwa nacho: anwani inayofikika. Kompyuta ya sebuleni, yenyewe, hutoka na kwenda kushika mkono wa kile cha Nairobi, kwa programu iitwayo WireGuard, na haiuachii. Kwa kuwa imetoka kwanza, wakalimani wote wawili wana habari zake. Mgeni hubisha Nairobi, akapitishwa kwa mkono ule ule ulioshikwa, akaketi Mombasa. Jina la tovuti nalilipia kila mwaka, na cheti cha kufuli napewa bure na Let's Encrypt, shirika lililoanza kuvigawa kwa umma Desemba 2015. Kijikompyuta kikifungwa kesho, nitakodi mlango kwingine na hakuna ubeti utakaopotea.

Binti wa kaka yangu, ambaye sasa anasomea mambo haya chuoni, hakubali. “Ami, kama mlango ni wa kukodi, nyumba si ya kukodi pia?” Nimemjibu mara kadhaa na kila mara jibu langu hupungua nguvu. Nasema tu kwamba niliyempangisha mlango hawezi kunifungia kabati.

Gharama ya uenyeji si ndogo, na asijidanganye mtu. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta hii hukaa dakika 40, na ya ruta chini ya hapo. Kila Ijumaa nanakili kila kitu katika diski ndogo, ambayo huenda kulala kwa dada yangu Likoni, kwa sababu nyumba huungua na wezi hawasomi mashairi. Wapo wabishaji wasiotaka shairi: usiku kucha mashine zisizo na jina hujaribu milango, nami husoma orodha zao asubuhi pamoja na chai.

Mwezi uliopita nilikuwa Malindi harusini, na simu ikalia karibu saa tano usiku. Ilikuwa Muscat. “Mjomba amelala?” aliuliza mtoto wa khalati, maana ndivyo tunavyosema tovuti isipofunguka. Nikampigia binti aliyebaki nyumbani. Kiza kitupu, akasema, tokeni zimekwisha. Nikanunua kwa simu, nikamsomea tarakimu 20 huku ngoma ya harusi ikipiga nyuma yangu, naye akizibonyeza kwenye mita kwa mwanga wa simu yake. Alikosea mara mbili. Taa ikawaka. Akasikia feni ya kompyuta ikianza kuzunguka.

Asubuhi nilipofungua orodha ya wageni, wa kwanza baada ya kiza alitoka Oman, na ukurasa alioutaka ni ule wa fumbo. Mchana akanitumia jibu lake, beti nne, la kwanza tangu yale 12 yapotee. Nimeliweka chini ya fumbo la mjomba, na nakala yake nimeiandika kwa kalamu katika daftari lake la mwisho, lililokuwa na kurasa tupu.